Karatasi ya ualimu na sanduku letu la kufuli 3

Alhamisi ya juma lililopita mkutano wetu wa AVEC haukumalizika saa kumi kama kawaida. Tulikaa mpaka giza likaanza kuingia, na hapa Bunia kila mama anajua kwamba si jambo dogo kuwa nje ya nyumba saa hiyo. Sanduku lilikuwa limekwisha kufunguliwa kwa funguo zake 3, akiba zimehesabiwa, mihuri imegongwa kwenye vitabu. Tukafika kwenye mikopo. Mmoja aliomba ya mafuta ya mawese. Mwingine aliomba ya kwenda kuchukua samaki Tchomia. Wa tatu aliomba ya kumaliza mabati ya nyumba. Halafu mwenzetu mmoja, mama wa watoto 4 anayeuza unga na maharagwe mbele ya nyumba yake, akasimama akaomba pesa za kurudi masomoni.

Kwanza ilikuwa kimya. Halafu kelele.

"Mama, si ulikwisha kusoma?" mmoja aliuliza. Ndiyo, alikwisha kusoma. Ana lisansi ya uchumi, aliipata kabla ya kuzaa mtoto wa pili. Tulipiga vigelegele siku ile, na wengine wetu tulipika. Sasa anataka mwaka mwingine ili apate karatasi ya kufundisha. "Mwenye lisansi anakwenda kujifunza kufundisha watoto, kwani alipokuwa akifundisha miaka 2 ile alikuwa akifanya nini?" Huyo aliyeuliza hivyo hakuwa na nia mbaya. Wengi wetu tulikuwa na swali hilohilo mdomoni.

Tunaandika habari hii kwa sababu tangu siku ile wamama wa vikundi vingine wametuuliza mambo yaleyale, na kwa sababu tumegundua kwamba hata sisi wenyewe, tunaowapeleka watoto shuleni kila asubuhi, hatukujua vizuri ni karatasi gani inayomfanya mtu awe mwalimu.

Miaka 2 mwenzetu huyu alifundisha uchumi na hesabu za biashara katika shule moja ya sekondari, zamu ya mchana. Wanafunzi walimpenda. Hakuwa kwenye listi ya mishahara ya Serikali; alipewa kidogo kutoka kwenye michango ya wazazi, na mwezi ambao wazazi hawakulipa, naye hakulipwa. Siku moja walikuja kukagua karatasi za walimu. Yake ikasomwa, ikageuzwa, ikasomwa tena. Akaambiwa kwa upole kwamba karatasi hii inasema anajua uchumi, haisemi kwamba anajua kufundisha uchumi. Hakufukuzwa siku ile. Mwaka uliofuata tu, saa zake zilipewa kijana mwenye karatasi ya pedagojia, naye akarudi kwenye meza yake ya unga.

Anasema alilia juma moja. Halafu akaanza kuuliza.

Na sisi tumeuliza pamoja naye. Katika inchi yetu kuna njia zaidi ya moja ya kufika mbele ya ubao, na kila njia ina mlango wake.

Njia ya kwanza ni ya shule ya msingi. Mtoto akimaliza miaka 6 ya msingi, anafanya darasa la 7 na la 8, kisha miaka 4 ya umanite. Akichagua sehemu ya pedagojia na akashinda mtihani wa Serikali, anatoka na diploma ya Serikali inayomruhusu kufundisha watoto wa shule ya msingi. Ndiyo diploma ya walimu wengi wa watoto wetu. Mtu mwenye diploma ya sehemu nyingine, kwa mfano ya biashara au ya ushonaji, anaweza kukutwa darasani kwa sababu mwalimu amekosekana, lakini karatasi yake si ya ualimu, na siku ya kupanga watu huwekwa nyuma.

Hapa tunasimama kidogo kwa ajili ya wamama walioachia masomo njiani kwa sababu ya vita, mimba au ndoa. Mtihani wa Serikali haufanywi na watoto wa shule peke yao. Kuna nafasi ya wale wanaoitwa otodidakti, yaani watu waliojisomea wenyewe nje ya darasa. Hujiandikisha kwa inspeksheni, hupita jaribio la kwanza, kisha hukaa kwenye mtihani uleule kama wengine. Si rahisi. Lakini mlango upo, na tumeona wamama wenye wajukuu wakiupita.

Njia ya pili ni ya sekondari. Hiyo ni kazi ya Institut Supérieur Pédagogique, ISP yetu ya Bunia, ile ambayo siku hizi wengi wanaijua kwa sababu ya kambi ya wakimbizi wa ndani iliyobeba jina lake. ISP inaandaa mwalimu tangu mwanzo: anasoma somo lake na namna ya kulifundisha kwa pamoja. Zamani ilikuwa miaka 3 ya gradua, halafu miaka 2 ya lisansi kwa anayeendelea. Sasa vyuo vyetu vimeingia katika utaratibu mpya wa LMD, ambao lisansi ni miaka 3 na masta ni miaka 2 juu yake. Kwa hiyo wamama, mtoto akikwambia "nimemaliza lisansi", muulize kwanza ni lisansi ya zamani au ya sasa. Neno ni moja, miaka si sawa, na katika ofisi ya shule tofauti hiyo inaonekana.

Njia ya tatu ndiyo ya mwenzetu. Mtu amesoma chuo kikuu uchumi, au sheria, au kilimo, amepata lisansi yake, halafu anaona kwamba anataka kufundisha. Huyo hana haja ya kuanza upya. Anaongeza agregasioni: masomo ya pedagojia, ya saikolojia ya mtoto na kijana, ya namna ya kufundisha somo lake, pamoja na staji mbele ya wanafunzi wa kweli. Kwa kawaida ni kama mwaka mmoja wa masomo. Tuliirithi kutoka kwa Wabelgiji pamoja na jina lake. Majirani wetu wana kitu kama hicho: Uganda, mtu mwenye digrii ya kawaida hufanya diploma ya ualimu baada ya digrii, Makerere na kwingine. Kenya, tume inayoandikisha walimu haimwandikishi mwenye digrii isiyo ya ualimu mpaka awe ameongeza diploma ya namna hiyo. Kwa hiyo si Congo peke yake inayosema kwamba kujua kitu na kujua kukifundisha ni mambo 2.

Kabla ya kulipa hata franka moja, fanya alivyofanya mwenzetu. Alikwenda mwenyewe sekretarieti ya chuo na kuuliza maswali 3: je, mwaka huu agregasioni imefunguliwa kweli? Karatasi itakayotoka itatiwa sahihi na nani, na inatambuliwa na Wizara? Staji itafanyika wapi? Mahali pa kwanza alipouliza walimjibu vizuri maswali 2, la katikati wakaanza kulizungukazunguka. Akatoka. Tunamsifu kwa kutoka kule kuliko kwa mambo mengine yote aliyofanya.

Sasa turudi kwenye swali la mkutano: mtu aliyekwisha kufundisha miaka 2 anakwenda kujifunza nini?

Tunaye mwanachama mwingine, mama mtu mzima, mwalimu wa darasa la 1 kwa miaka mingi, aliyepita umanite ya pedagojia. Yeye alikuwa amenyamaza muda wote. Aliposimama alieleza habari ya staji yake, na tunaiandika hapa kama tulivyoisikia.

Katika miaka ya mwisho ya umanite ya pedagojia, alisema, mwanafunzi hutumwa katika shule ya mazoezi. Kwanza anakaa nyuma ya darasa na daftari, anaangalia mwalimu mwenye ujuzi. Hasemi neno. Halafu anapewa somo la kufundisha. Usiku anaandika fishi ya matayarisho: nini wanafunzi wanajua tayari, utawakumbusha kwa swali gani, utaamsha hamu yao kwa kitu gani, utataja somo, utachambua, utakusanya, utawapa mazoezi gani ili ujue kama wameshika. Kila swali linaandikwa upande mmoja, na jibu unalotazamia kwa mtoto linaandikwa upande wa pili. Asubuhi mwalimu anaisoma fishi na anaweza kuikataa. Bila fishi iliyokubaliwa huingii darasani.

"Somo langu la kwanza lilikuwa kutoa kwa kukopa, darasa la 2," alisema. "Nilifundisha vizuri sana. Niliongea dakika 30 bila kusimama. Watoto walikuwa kimya, nikafikiri wameelewa. Mwalimu wangu akaniambia: sasa wape zoezi. Kati ya watoto 50 na kitu, 6 walipata. Akaniuliza: mama, umemfundisha nani? Umejifundisha mwenyewe."

Tulicheka, naye akacheka. Lakini yule aliyeuliza swali la kwanza hakucheka. Alisema polepole: "Basi mwalimu wa mtoto wangu anafanya hivyo."

Mama mwalimu akaendelea. Siku iliyofuata alirudi na visoda vya chupa na vijiti vilivyofungwa kumikumi. Ili kutoa 7 kwenye 32, mtoto alipaswa kufungua fungu moja la vijiti kwa mkono wake. Akishafungua fungu, anaona kukopa ni nini. Hilo halikuwa wazo lake, alilionyeshwa. Anasema mtu anaweza kufundisha miaka 20 na asikutane na fungu la vijiti kama hakuna aliyemwonyesha, na kila mwaka atasema watoto wa siku hizi hawana akili.

Kuna jambo lingine alilotaja ambalo linagusa mji wetu moja kwa moja. Kwa programu ya taifa, mtoto anayeanza shule ya msingi afundishwe kwa lugha ya taifa ya mahali pake, kwetu ni Kiswahili, huku Kifaransa kikiingizwa polepole. Wazazi wengi hatupendi hivyo. Tunataka mtoto arudi siku ya kwanza akisema "bonjour maman", na shule zinazotaka wanafunzi zinatufuata. Lakini fikirini mtoto aliyefika na mama yake kutoka Djugu, amelala Kigonze chini ya bashi, anajua lugha ya nyumbani peke yake na Kiswahili cha kuokota njiani. Mwalimu akimwanzishia Kifaransa, mtoto huyu atakaa kimya mwaka mzima, na kimya chake kitaandikwa kwenye buletini kama ujinga. Mwalimu aliyefundishwa anajua kutafuta mahali mtoto alipo. Anajua pia kwamba darasa lenye watoto wa makabila yaliyokimbizana si darasa la kawaida: benchi moja, nani anakaa na nani, nani anatumwa kuchota maji na nani, mambo hayo hupangwa. Mama mwalimu hakulieleza zaidi. Wote tulielewa.

Kwa hiyo mwenzetu wa lisansi alipoulizwa tena alifanya nini miaka 2 ile, alijibu bila haya: "Nilikuwa nikijifundisha mwenyewe."

Ikabaki habari ya pesa, na hapa ndipo mkutano uligawanyika.

Wengi wetu tulifikiri hivi: atakopa, atasoma, atapata karatasi, Serikali itamlipa, atatulipa. Mama mwalimu akatikisa kichwa. Karatasi si mshahara, alisema. Mtu akishakuwa na karatasi anatafuta shule yenye nafasi. Shule ile, iwe ya Serikali moja kwa moja au ya Serikali inayoongozwa na Kanisa (mpango wa mkataba wa mwaka 1977, ndiyo maana kuna shule za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu na za Waislamu zote zikilipwa na Serikali), lazima iwe imetambuliwa. Kisha anapewa barua ya kupangiwa kazi. Kisha dosie yake inapanda mpaka kwenye idara ya kuhesabu na kulipa walimu, ile tuliyoizoea kwa jina la SECOPE na ambayo sasa inaitwa DINACOPE. Siku jina lake linapoingia kwenye listi, tunasema amekuwa mekanize. Kati ya barua na listi, wapo waliongoja miezi, wapo walionywea miaka. Wakati wa kungoja unafundisha, unasahihisha, unanunua chaki wakati mwingine, na mwisho wa mwezi unatazama wenzako wakienda benki.

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali ni bure, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza. Ni jambo jema. Nyumba nyingi za kikundi chetu zimerudisha shuleni watoto waliokuwa wakiuza karanga barabarani. Lakini tusisahau jambo moja. Tangu miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, ni wazazi waliokuwa wakiwabeba kwa michango. Mchango wa wazazi ulipoondolewa msingi, mwalimu asiye kwenye listi alipoteza hata kile kidogo. Mekanize anapumua, asiye mekanize hana pa kushika. Sekondari michango inaendelea, na mwenzetu anataka sekondari, kwa hiyo hali yake ni nafuu kidogo, lakini nafuu hiyo inategemea wazazi kama sisi, ambao maharagwe yakipanda bei tunaanza kukwepa macho ya prefe.

Halafu sheria zetu wenyewe. Katika AVEC hakuna anayekopa kupita mara 3 ya akiba yake, na mkopo unarudi katika miezi 3. Masomo ni mwaka mzima. Mwisho wa mzunguko tunagawana kila kitu na sanduku linabaki tupu. Mkopo wa shule hauingii katika sanduku la namna hii hata ukiusukuma. Mmoja alipendekeza tutoe katika mfuko wa msaada, ule wa ugonjwa na msiba. Tulikataa karibu wote kwa sauti moja. Mwaka huu tumeshaufungua mara nyingi mno, na hakuna aliyekuwa tayari kuambiwa siku ya maziko kwamba pesa ziko chuoni.

Kuna mama mmoja, hatutasema ni nani, alisimama akasema wazi: "Mimi nitatoa pesa kwa mtu anayeuza kitu. Anayesoma hauzi kitu." Wengine walimkasirikia. Sisi tunaoandika tunaona alikuwa na haki zaidi kuliko tulivyokubali siku ile, kwa sababu neno lake ndilo lililotuonyesha njia. Mwenzetu anauza kitu. Anauza unga.

Kabla ya kusema tulivyoamua, neno moja kuhusu nyumbani, maana liliulizwa na litaulizwa tena kwenu: bwana anasema nini?

Bwana wake amekubali. Lakini mama mkwe alikuwa na maneno, kwamba mwanamke wa watoto 4 akirudi kukaa kwenye benchi, nyumba inakaa bila kichwa. Hatumcheki mzee huyo. Wakati wa Wabelgiji, msichana aliyebahatika kusoma mara nyingi alifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba, na hapo ikawa mwisho. Mwanamke wa kwanza wa Congo kumaliza chuo kikuu, Sophie Kanza, alimaliza Lovanium mwaka 1964, miaka 4 baada ya uhuru. Mama mkwe alikuwa tayari amezaliwa. Mambo haya si ya zamani sana.

Na kuna wamama wanaofikiri bado kwamba sheria inadai barua ya bwana ili mke aweke sahihi kwenye mkataba wa kazi. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana kwa mambo ya namna hiyo. Ilibadilishwa mwezi wa Julai 2016. Sasa ruhusa haitoki upande mmoja: mke na bwana wanapaswa kupatana juu ya mambo yanayowafunga, na wasipopatana, aliyeonewa anaweza kwenda mbele ya tribinali ya amani. Hatumshauri mtu kukimbilia tribinali kwa sababu ya masomo. Lakini mkubwa wa shule akikwambia "lete kwanza ruhusa ya bwana", ujue anasoma kitabu cha zamani.

Shida ya kweli ya nyumbani ni saa. Staji ni asubuhi. Unga unauzwa asubuhi na jioni. Mtoto wa mwisho ana mwaka na nusu. Usiku ndipo fishi zinaandikwa, na umeme tunaujua. Mama mwalimu alisema jambo ambalo hatukulitegemea: katika staji yake, kilichomshinda karibu aache si masomo, ni mtoto kuugua malaria juma lile la masomo ya kutolewa alama. Dada yake ndiye aliyekaa na mtoto. "Bila dada yangu," alisema, "leo ninauza mandazi." Kuna kicheko kidogo, kwa sababu wawili kati yetu wanauza mandazi na si kazi mbaya, wakati mwingine inalipa kuliko chaki.

Basi tukaamua hivi, jua likiwa limekwisha kuzama na mama wa funguo ya tatu akituharakisha.

Mwenzetu hatakopa pesa za masomo. Atakopa pesa za unga, kama wafanyabiashara wengine, kwa sheria zetu zilezile: mara 3 ya akiba, miezi 3. Faida ya unga ndiyo italipa chuo kwa vipande, na sekretarieti imekubali vipande. Akimaliza kulipa mkopo wa kwanza, ataomba wa pili. Hatukuandika popote kwamba atalipa "akianza kupata mshahara", maneno hayo tuliyafuta kwa makusudi. Asipokuwa mekanize mpaka mwaka wa tatu, deni lake halitakuwa limengoja Kinshasa.

Aliyesema hatoi pesa kwa asiyeuza kitu ndiye atakayesimama kwenye meza ya unga asubuhi za staji, kwa sehemu ya faida. Yeye mwenyewe alijitolea. Watatu wetu tumegawana siku za mtoto wa mwisho: Jumatatu na Jumanne Bankoko, Jumatano Mudzipela, Alhamisi na Ijumaa kwa shangazi yake. Mama mwalimu atasoma fishi zake kila Jumapili baada ya ibada, na ametuonya kwamba atazikataa.

Wawili waliinua mkono kupinga. Tumewaandika, kwa sababu ni haki yao, na kwa sababu mmoja wao alitoa sababu ambayo hatuna jibu lake: mapigano yakirudi, watu wakikimbia tena, chuo kitafungwa na unga utaporwa, na mkopo utabaki. Tuliokuwa hapa mwaka 2003 tunajua anachosema. Tulikaa kimya kidogo, halafu mwenye kitabu akauliza kama tunaendelea, tukasema tuendelee.

Kwa vikundi vilivyotuuliza: tuko tayari kuja kuwaeleza, mama mwalimu pia amekubali kuja, ila si siku za shule. Njooni na maswali ya kweli. Na wale wenye vitabu vya pedagojia vya zamani nyumbani, vya bwana au vya kaka, hata kama vimekosa jalada, mwenzetu anavitafuta. Vilevile tunaomba visoda vya chupa. Mama mwalimu amesema visoda 200 vinatosha darasa moja. Mpaka leo tuna 60 na kitu, na watoto wameanza kuviiba kuchezea.

Masomo yanaanza Jumatatu. Mkopo wa kwanza wa unga ametoka nao Alhamisi ileile, amefunga pesa kwenye kona ya kitenge, na mama wa mafuta ya mawese akamsindikiza mpaka barabara kubwa kwa sababu kulikuwa giza.